Tundu la Upande wa Kwanza

Baba mkwe wangu anaitwa Fundi Kanda, na jina hilo limemganda; hata watoto waliozaliwa juzi, ambao kanda hawajawahi kuishika mkononi, humwita hivyo hivyo. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba tunayoishi. Ni chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama barabara, meza, kompyuta kuukuu yenye feni inayokoroma, na rafu tatu za kanda ambazo hakuna anayeziulizia. Mimi hukaa naye humo tangu asubuhi, mwanangu akiwa mgongoni au kwenye mkeka chini ya meza, kwa sababu macho ya Baba hayaoni tena maandishi madogo. Yeye anajua wimbo gani uko wapi, mimi naandika na kubonyeza. Niliishia darasa la saba, lakini humo ndani mimi ndiye karani.

Kazi yetu ni kuwatilia watu nyimbo. Zamani Baba alikuwa akirekodi kanda, baadaye akachoma sidii, siku hizi anatia kwenye flashi na simu. Meza ni ile ile.

Kitu nilichokiona mapema nilipoolewa hapa ni kwamba Baba hamsahihishi mteja. Yuko bibi anayeuza ndoo na mabeseni ng'ambo ya barabara. Huja na redio yake ndogo inayochomekwa flashi pembeni, anaiweka dirishani na kusema, "Fundi, nibadilishie sahani, hii imenichosha." Sahani za santuri alizicheza akiwa msichana, kubwa kama sinia. Baba anachomoa kale kaflashi kadogo kama ukucha, namwekea nyimbo arobaini, halafu yeye anamrudishia kwa mikono miwili.

"Sahani yako hii, mama. Usiikwaruze."

"Niikwaruze, kwani mimi paka?"

Kinyozi wa jirani, ambaye ni wa rika la kati, hutoa simu mfukoni na kusema, "Nichomee sidii ya wiki hii." Baba anamchomea. Vijana wao husema niwekee ngoma, nishushie, nirushie, nao anawarushia. Kila mmoja anajibiwa kwa neno alilokuja nalo. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawaambii jina lenyewe.

"Lenyewe ni lipi?" akasema. "Kila mmoja anataja kile alichokipenda mara ya kwanza. Mimi nani nimnyang'anye?"

"Na wewe Baba, unasemaje?"

"Mimi nasema kanda."

Ni kweli. Wimbo ukiisha kwenye simu yangu, ananiambia, "Geuza upande wa pili." Akitaka urudiwe, anazungusha kidole hewani kama mtu anayerudisha utepe kwa kalamu.

Sasa, kulikuwa na kanda moja ambayo haikukaa rafuni. Ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa leso, juu ya kabati la chumbani kwake. Ilikuwa na sauti ya mama mkwe wangu, ambaye sikubahatika kumwona. Alikuwa mshonaji kiwandani, na alikuwa na sauti. Baba alimrekodi mwenyewe chumbani, ametundika mablanketi madirishani ili kelele za barabara zisiingie, wakati mama ana mimba ya miezi saba ya mume wangu. Upande wa kwanza aliimba wimbo alioutunga yeye. Upande wa pili aliimba na wenzake wa kiwandani, yeye akiitikia kwa nyuma.

Walipomaliza, Baba akachukua ncha ya kisu, akavunja vimeno. Kanda ina vimeno viwili mgongoni mwake, kila upande na chake. Ukikivunja, panabaki tundu, na mashine haikubali tena kurekodi kitu kingine juu yake. "Nikamwambia," Baba hunisimulia, "sasa wewe hufutiki."

Baada ya hapo Baba hakuipiga. Mama alipokuwa hai, Baba alisema, nisikilize kanda ya nini na mwenyewe yuko jikoni anaimba? Alipofariki, mume wangu akiwa na miaka kumi, Baba alishindwa kuisikiliza. Alipopata moyo wa kuisikiliza, mashine yake ilikuwa imekufa, na hakutaka kuitia kanda ile kwenye mashine ya mtu yeyote, isije ikaliwa, utepe ukanaswa ndani na kukatika.

Jumanne moja, mwalimu mstaafu alileta redio kaseti itengenezwe. Baba aliifungua, akabadilisha mpira unaozungusha magurudumu, akasafisha kile kichwa kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti, akaijaribu kwa kanda tano za rafuni. Haikula hata moja. Mwalimu alipopita jioni kuuliza, Baba akamwomba amwachie kesho yake mpaka saa kumi, aingize kanda moja ya nyumbani kwenye kompyuta. Mwalimu akakubali.

Asubuhi kwenye chai Baba akatutangazia. Alikuwa amenyoa. "Leo mjukuu wangu atamsikia bibi yake," akasema, akimchezesha mwanangu vidole vya miguu.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Baba, mashine za siku hizi hazifai. Itaikula."

"Za siku hizi? Ile mashine ina umri kukuzidi wewe."

"Ingesubiri hata wiki ijayo."

"Wiki ijayo mwenyewe ameshaichukua. Una nini?"

Mume wangu akainuka. Akatoka bila miwani yake ya kuchomelea, na mume wangu hasahau miwani, maana ndiyo macho yake. Nikamfuata nayo mpaka getini. Pale ndipo aliponiambia.

Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akipenda kuwaigiza watangazaji wa mpira, akitaka kujisikia mwenyewe. Akajua pa kupata kanda, ndani ya lile kopo. Na kwa kuwa ni mtoto wa fundi, akajua pia kwamba tundu la kimeno ukiliziba, mashine inadanganyika, inarekodi kama kawaida. Akaliziba kwa plasta ya kidonda, akatangaza mechi.

"Upande upi?" nikamuuliza.

"Wa kwanza."

Nilimtazama. Ana mikono yenye makovu ya cheche, mtu anayebeba mageti ya chuma peke yake, na alikuwa anabandua kutu ya geti kwa ukucha.

"Mwambie kabla hajabonyeza," nikasema. "Asije akasikilizia mbele za watu."

"Nimwambie nini? Nilimfuta mama?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Akachukua miwani, akaenda zake.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Nilimnyonyesha mtoto, nikaandika majina ya nyimbo za watu, na pembeni yangu Baba alikuwa amekaa na kanda ile mapajani, akizungusha utepe taratibu kwa kalamu, kwenda na kurudi, ili usiwe umegandamana. Alikuwa akipiga mbinja. Bibi wa ndoo akaja dirishani.

"Leo Fundi umenyoa, unaoa?"

"Nina mgeni," Baba akasema.

Nikainama chini ya meza, nikijifanya namfuta mtoto udenda.

Saa sita na kitu mume wangu akatokea, uso mweusi wa moshi. Hakukaa. Baba alikuwa ameshachomeka waya kwenye kompyuta, kanda iko ndani, kidole kiko juu ya kitufe.

"Baba, usibonyeze. Niliziba tundu la hiyo kanda nilipokuwa mdogo. Nikarekodi juu yake. Sikukuambia."

Feni ya kompyuta ilikoroma peke yake. Baba hakuondoa kidole. Nilidhani atafoka, ama atatoka nje. Aliuliza kama anavyowauliza wateja wenye kitu kilichoharibika.

"Uliziba moja au yote mawili?"

"Moja."

"La upande gani?"

"Wa kwanza."

"Basi wa pili mzima," akasema, ingawa sote tulijua upande wa pili mama anaitikia kwa nyuma tu.

Akabonyeza.

Kwanza zikaja kelele za utepe, kama mvua ya mbali. Kisha sauti ya mtoto wa kiume, nyembamba, ina haraka. Namba tisa anao mpira, anampiga chenga wa kwanza, anampiga chenga wa pili, beki amekaa chini, wapenzi wasikilizaji, beki amekaa chini. Mume wangu akaziba uso kwa viganja. Mwanangu akanyanyua kichwa kwenye mkeka, akatafuta huyo mtoto yuko wapi. Mechi ikaendelea dakika kama tatu. Namba tisa akafunga mabao manne.

Halafu mlango ukalia ndani ya kanda, na sauti ya mwanamke, karibu kabisa.

"We, hiyo kanda umeitoa wapi?"

Kisha mtoto, kwa sauti ndogo, "Kwenye kopo."

"Umeziba na plasta. Hebu angalia." Pumzi ndefu. "Baba yako akijua leo halali. Lete, nikaibandue, tuirudishe ilipokuwa. Usilie. Tutamwambia mimi na wewe, akishakula."

Kitufe kikalia ta, na hapo hapo, bila hata pumzi katikati, sauti ile ile ikawa inaimba. Wimbo ulikuwa umebaki ubeti wa mwisho. Aliimba polepole, kama mtu anayekunja nguo, na kuna mahali alisita kidogo akacheka, kisha akaendelea. Baba baadaye alituambia ni mtoto wa tumboni, mume wangu huyu, aliyempiga teke.

Ubeti ukaisha. Utepe ukaendelea kuzunguka mtupu.

Mume wangu akasema, "Nilijua mama alinikuta. Sikujua kwamba mashine ilikuwa bado inarekodi. Nilimngoja yeye aseme kwanza. Halafu akaugua."

Baba alikuwa ametazama redio ya mwalimu muda wote. Machozi yalimfika kwenye ndevu ambazo hazikuwepo.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," akasema. Akajifuta kwa ile leso ya kopo. "Na bado mmekosea. Yeye alisema nikishakula. Mnaona nimekula, mimi?"

Mume wangu akacheka huku analia, akapiga magoti pale pale kwenye mkeka, na Baba akamshika kichwa, moshi wote ule ukamchafua shati.

Mimi nikaenda jikoni, nikarudi na sahani ya Baba. Alikula akiwa mezani, kanda ikirudishwa mwanzo. Nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta, tayari kuingiza, nikamuuliza kama nianzie kwenye ubeti, niikate ile mechi.

"Usikate kitu."

"Na jina niandike nini, Baba?"

Akatafuna kwanza, akameza.

"Andika, mama amekuja."

Nikaandika. Mwalimu alipokuja saa kumi kuchukua redio yake, akauliza kama ile kanda ilikubali. Baba akamwambia ilikubali, akaenda kuirudisha kwenye kopo.