Kompyuta ya Bunju Iliyokuwa Inasahau

Tulifunga safari ya Bunju kwa sababu kompyuta tuliyoiweka kule ilikuwa inasahau. Habari ililetwa na dereva wa lori, akasimama mlangoni kwangu Chang'ombe kama mtu aliyeleta taarifa za msiba. "Bi. Zuhura anasema mashine yenu kila asubuhi inaamka haina habari. Mje muitengeneze, ama mje muichukue." Akaenda zake, hata maji ya kunywa hakuyangoja.

Najua wapo watakaonicheka kwa kusimulia safari ya kutoka Chang'ombe hadi Bunju, mwendo ambao siku hizi mtu anaumaliza huku anaongea na simu. Wacheke tu. Tangu siku ile nimepanda ndege mara nyingi, na sijarudi kutoka kokote nikiwa nimebadilika kama nilivyorudi kutoka Bunju.

Kwa miaka mingi nilikuwa mwandishi wa programu za mfumo katika shirika moja la umma hapo hapo Chang'ombe. Hizo ni programu ambazo mtumiaji hazioni. Zinaipangia mashine kazi ipi itangulie, ipi isubiri, na kitu gani kikae wapi ndani ya kumbukumbu yake. Chumba chetu, kilichopozwa kwa ajili ya mashine, kilikuwa na baridi kama Lushoto, tukivaa masweta katikati ya joto la Dar es Salaam, na mimi nilikipenda chumba kile kupita kiasi. Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi. Shirika likauzwa, mmiliki mpya akaja na kompyuta zake ndogo na watu wake, nasi tukapewa mkono wa kwaheri.

Nikafungua kampuni. Neno kampuni ni kubwa. Kwa kweli kilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa kaka yangu Kinondoni, meza moja, kompyuta moja, na Eliasi. Eliasi ni mtu wa Same, mpole, niliyefanya naye kazi shirikani, na sijapata kuona mwandishi wa programu mwenye mkono mwepesi kama wake. Wakati wenzetu mjini wakiuza programu za Kiingereza, sisi tulitaka kuuza za Kiswahili, ili mwenye duka asihitaji mkalimani dukani kwake mwenyewe. Mteja wa kwanza kutukubali alikuwa Bi. Zuhura, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunju. Wa pili, wa Tegeta, alisema atangoja aone ya Bi. Zuhura. Kwa hiyo mashine ile ikirudishwa, kampuni ilikuwa imekufa kabla haijapata hata kibao cha mlangoni.

Asubuhi ya safari, Chang'ombe, nilipakia bisibisi, waya za akiba na bati la biskuti lililojaa diski, maana vumbi la barabara halina adabu. Gari ilikuwa pikapu ya mume wangu. Aliponikabidhi funguo alisema, "Ukirudi niletee saruji."

"Mimi nakwenda kuokoa kampuni," nikamwambia.

"Iokoe, halafu uniletee saruji."

Kinondoni nilimkuta Eliasi ameshasimama barabarani. Mlango wa kushoto wa pikapu ile ulikuwa haufunguki ila kwa nje, kisha unaubamiza kwa nguvu, na yeye siku zote aliubamiza nusu. Nikashuka, nikamfungia kama anavyofungiwa waziri. Siku nyingine angecheka. Siku ile alisema ahsante dada, akapakata bati la biskuti.

Tukapita makutano ya Morocco. Mwenge, mahali wachongaji wa vinyago wanapogongagonga tangu asubuhi, ndipo alipofungua kinywa.

"Dada Mwana, ile benki mpya imeniita. Wanataka jibu langu Jumatatu."

Nikapunguza mwendo. "Na wewe unasemaje?"

"Sijui. Nawaza, Bunju ikitushinda, tunabaki na nini?"

"Tunabaki na meza."

"Meza ya braza wako hiyo."

Tukacheka wote wawili. Naandika wazi: nilimpenda Eliasi kama mdogo wangu wa kuzaliwa, na bila yeye nisingeiendesha ile kazi hata mwezi. Na sikuwa na haki ya kumzuia. Benki ile ilikuwa na chumba chenye baridi, kama kile tulichonyang'anywa.

Tegeta barabara ikaharibika, tukaanza kuyumba. Kushoto kwetu kilima cha Wazo, penye kiwanda cha saruji, kilikuwa kimechimbika, na majani ya miti yote ya kando ya njia yalikuwa na unga wa kijivu. Malori ya saruji yalijipanga. Na kila tulipotazama, watu walikuwa wanajenga: misingi, kuta zisizo na paa, nyumba yenye chumba kimoja kilichokwisha na familia imeshahamia humo, mama anaanika nguo kwenye nondo. Nilifurahi bila kutaka. Niliwaona wote wale ni watu watakaokuja kununua misumari kwa Bi. Zuhura, na misumari ile itapita ndani ya programu yetu.

Bunju tulipokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Bi. Zuhura alikuwa mjane, mwanamke mnene wa haiba, ameketi juu ya kiti mbele ya mabati yake kama kadhi.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba, wanangu. Habari za huko mjini? Watoto hawajambo? Mumeo je? Poleni na njia." Alipomaliza salamu zote, bila kuacha hata moja, ndipo sura ikabadilika. "Sasa. Mie sina ugomvi nanyi. Ila mashine yenu ina maradhi."

Ofisini, nyuma ya duka, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bi harusi. Pembeni yake alisimama Kasimu, karani wa duka, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri na uso umejaa wasiwasi.

"Sijaigusa vibaya, sista," alisema kabla sijamuuliza. "Nauza mchana, naandika yote humo. Jioni naifunga. Asubuhi nikiiwasha, mauzo ya jana hakuna. Kama sie hatukufungua duka."

"Unaifungaje?"

"Inaniuliza, nami naijibu. Inauliza kiungwana kabisa, naijibu kiungwana."

Hapo palikuwa na jawabu lote, nami nikalipita. Nilikuwa mtu wa mifumo. Ukiniambia mashine inasahau, nakwenda tumboni mwa mashine. Nikavua viatu, nikakaa chini, nikafungua boksi la mashine. Nikashuku umeme, maana mgawo ulikuwa umetusumbua nchi nzima. Nikashuku vumbi la saruji, nikashuku diski. Nikaipima kumbukumbu kipande kwa kipande, nikifurahia kwa siri, kwa sababu ile ndiyo kazi niliyoizoea. Eliasi alikuwa ananishikia tochi na kutazama saa.

Mashine ilikuwa nzima. Nikamwomba Kasimu aandike mauzo mawili ya kujaribia, nikaifunga mwenyewe, nikaiwasha tena. Ikakumbuka kila kitu, hadi misumari.

Kasimu aliitazama kwa uchungu. "Basi ni mie haipendi."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Ukiifunga wewe inakumbuka. Nikiifunga mie inasahau. Nisemeje?"

Mchana Bi. Zuhura alikataa katakata kutusikiliza mpaka tule. Tukaketi mkekani uani: wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchicha, na pilipili yake aliyotuonya nayo. Nilikula nikiwa sina raha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia kwamba tutaichukua mashine yake. Eliasi alikuwa amemaliza sahani, na Bi. Zuhura akashika upawa.

"Mwanangu, hutaongeza wali?"

"Hapana, naongeza," akasema Eliasi, akanyoosha sahani. Bi. Zuhura akamjazia.

Tonge likanisimamia mkononi.

Nieleze, kwa anayesoma akiwa mbali na kompyuta. Tulipoandika ile programu, Eliasi alisema mashine ya Kiswahili isimwamrishe mtu, imuulize kwa adabu, kama tunavyomkaribisha mgeni. Mtu wa kwetu hamwambii mgeni "Unataka chai?" kwa ukavu, anamwambia "Hutakunywa chai?" Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Basi wakati wa kufunga, kioo cha kompyuta kilikuwa kinauliza: *Hutapenda kuhifadhi kazi ya leo?* Chini yake, N ya ndiyo na H ya hapana. Ukibonyeza N inahifadhi, ukibonyeza H inatupa. Sisi wawili tulipoijaribu Kinondoni tulibonyeza N kila siku, kwa sababu tulijua N inafanya nini. Hatukuwa tunalijibu swali. Lakini Kasimu, muungwana, alikuwa analisoma swali na kulijibu kama alivyofunzwa na mama yake: *Hapana, nitapenda.* Kisha anabonyeza H. Binadamu angengoja sikio lake lisikie "nitapenda". Mashine tuliipa herufi moja tu, ikaridhika nayo, ikatupa mauzo ya siku nzima.

Nilitaka kuruka. Wallahi, magoti yalikuwa yameshanyanyuka. Ningeifikia kibodi na kuirekebisha kabla wali haujapoa, na ningejisikia mtu tena. Kisha nikamtazama Eliasi, anakula kwa huzuni yake, na nikaona nitakachokuwa nimefanya: nitakuwa nimeponya mashine, na yeye atakwenda benki akijua kwamba kosa lilikuwa lake na dawa ilikuwa yangu. Nikakaa chini. Kukaa kule kuliniuma.

"Eliasi," nikasema, "Bi. Zuhura amekuuliza nini sasa hivi?"

"Kama sitaongeza wali."

"Nawe ukamjibu?"

"Nimemjibu hapana, naon..." Akamtazama Kasimu. "Kaka Kasimu, jioni ile mashine ikikuuliza kama hutapenda kuhifadhi, unabonyeza nini?"

"H," akasema Kasimu. "Hapana, napenda. Kwani nani hapendi kazi yake ihifadhiwe?"

Eliasi aliacha wali, akaacha viatu, akakimbia ofisini na mkono wenye mchuzi. Bi. Zuhura akaniuliza kama mwenzangu ana tumbo.

Jioni ile yote nilikaa mwishoni mwa chumba, juu ya mfuko wa saruji, sikugusa kitu. Eliasi alimkalisha Kasimu pembeni yake, akawa anasoma kila swali la programu kwa sauti, Kasimu anajibu kwa mdomo, na swali lolote lililoweza kujibiwa vingine waliliandika upya pamoja. Mahali pa lile la zamani wakaweka: *Nihifadhi kazi ya leo?* Kasimu akasema "Ndiyo, hifadhi," akabonyeza N kwa kidole kimoja. Wakaizima, wakaiwasha. Yote yalikuwapo.

Kasimu alicheka hadi akafuta macho. Bi. Zuhura alisimama mlangoni, akataka asomewe ile sentensi, akaisikiliza, akasema, "Mbona mmeondoa adabu? Wekeni tafadhali." Wakaiweka. "Haya, ibaki. Yule wa Tegeta nitamwambia mie mwenyewe."

Kurudi, pikapu ilikuwa nzito kwa saruji ya mume wangu, tukaenda polepole. Eliasi alizungumza njia nzima, kitu ambacho si kawaida yake: maduka ya dawa, ghala, vyama vya ushirika, na jinsi kila programu itakavyojaribiwa na mtu asiyetujua. Nilimwacha aseme. Nilikuwa naogopa kuuliza. Tulipoikaribia Mwenge nikaona nisipouliza sasa nitauliza vibaya.

"Kwa hiyo Jumatatu huendi benki?"

"Ndiyo," akasema.

Nikakanyaga breki, mifuko ya saruji ikagonga kebini. Nyuma yetu mtu akatupigia honi na kututukana.

"Eliasi, leo usinijibu neno moja. Ndiyo nini?"

"Ndiyo, dada, siendi. Nabaki."

Nililia hapo hapo kwenye usukani, na yeye, kwa adabu zake, akawa anatazama vinyago.

Kampuni imekwisha kutoka katika kile chumba cha uani, na leo ina watu ambao majina yao huniwia mengi. Programu siandiki tena. Eliasi na vijana wake wananikataza kugusa. Wanadhani niliacha kwa sababu ya cheo. Ukweli ni kwamba Bunju nilipewa kazi nyingine, ya kukaa na jibu mdomoni mpaka mwenye kazi alifikie mwenyewe, na kila siku naianza upya kama mwanafunzi. Wiki iliyopita nilimuuliza Eliasi, "Bado sijaiweza?" Akaniambia, "Ndiyo, dada, bado," akarudi kwenye kioo chake.