Salamu Kabla ya Kipimo

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuacha kusalimia watu. Naliweka hapa mwanzo kwa makusudi. Kwa miaka mingi nimelificha nyuma ya mambo mazuri niliyofanya baadaye, na kijana anayeingia kazi ya afya leo ana haki ya kujua nilianzia wapi.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa. Niliajiriwa kwa majaribio kuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini. Mhudumu ndiye anayefagia, anayechemsha sindano na kupanga wagonjwa kwenye benchi. Sikuwa na cheti cha chuo chochote. Nilichokuwa nacho ni kitabu cha uuguzi kisicho na jalada, nilichokikuta sokoni Majengo, mjini Mpanda, kikichanwa kufungia karanga. Nilikisoma mpaka nikajua ni kurasa zipi zimepotea, na hizo zilizopotea ndizo zilizonikosesha raha.

Siku ya kwanza Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikuta nafuta meza ya dawa kwa mara ya tatu. Alikuwa Mfipa mrefu, mpole, asiyependa haraka.

"We kijana, meza imekukosea nini?"

"Nataka iwe safi, Mganga."

"Ilishakuwa safi. Sasa unaichubua."

Ndivyo nilivyokuwa. Rejista niliipiga mistari kwa rula hata pale ilipokuwa imeshachapwa mistari. Nikikosea herufi moja, nanakili ukurasa mzima upya. Nilihofu kwamba siku moja atatokea mtu mwenye cheti, aulize huyu asiyesoma anafanya nini hapa.

Nadhani Mfawidhi aliiona hofu hiyo, ndiyo maana akanifundisha kupima presha, yaani msukumo wa damu. Mashine yetu ilikuwa ya zebaki: sanduku la chuma lenye kioo chembamba kilichosimama. Unamfunga mtu kitambaa juu ya kiwiko, unapuliza hewa kwa mpira, zebaki inapanda ndani ya kioo. Kisha unaachia hewa polepole huku ukisikiliza mshipa. Sauti ikianza, unasoma namba ya juu. Ikikatika, namba ya chini. Nilijipima mwenyewe kila asubuhi mpaka mkono ukavilia damu.

Mfawidhi akaitwa mjini kwenye semina ya majuma mawili. Aliniachia kazi moja: kupima presha ya wazee wa kijiji na kuiandika. Nikajiwekea lengo kwamba nitaimaliza kwa asubuhi moja, ili akirudi aone.

Kijiji kile kilikuwa na Wakonongo, ambao ni wenyeji, na familia za Wasukuma zilizohamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Kwa watu wale mzee hafiki mahali akaanza kueleza shida. Anapewa kiti. Anasalimiwa, anaulizwa habari za alikotoka, za watoto, za mifugo, za mvua, naye anakuuliza zako. Mimi niliona salamu hizo ni kupoteza muda, nikazifuta. "Kaa. Lete mkono. Mwingine."

Bibi Kabula alikuwa katikati ya foleni. Alikuwa Msukuma, mjane, mwenye shamba la mahindi na viazi ng'ambo ya mto. Alitoka huko huko kwa miguu, jembe begani.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Lete mkono, bibi."

Alinitazama kidogo, akaleta mkono. Sauti ilianza juu sana. Niliandika namba kwa wino mwekundu, nikaipigia mstari kwa rula.

"Una presha kubwa. Jembe basi, na safari za miguu basi. Ukakae mjini karibu na hospitali."

"Na shamba?"

"Shamba halitakuponya."

Najua maneno hayo yalitoka wapi. Nilikulia Majengo, na nilidhani kijiji ni mahali mtu anapokaa mpaka apate uwezo wa kuhama. Juma lile lile mwanawe, Masanja, mwenye duka dogo mtaa wa Makanyagio mjini, alikuja kumchukua na kumpandisha kwenye lori la tumbaku. Nilisimama mlangoni nikijiona nimeokoa mtu.

Mfawidhi aliporudi alisifu mwandiko. Kisha akafunua ukurasa, akaurudia.

"Kijiji kizima kimeugua asubuhi moja?"

"Ndivyo mashine ilivyosema, Mganga."

"Walitoka wapi hawa?"

"Mashambani."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Wakakaa muda gani kabla hujawafunga kitambaa?"

"Walisimama kwenye foleni. Akikaa tu, namfunga."

"Uliwasalimia?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Alivua miwani. "Unadhani mimi nawauliza habari za ng'ombe kwa sababu nataka kununua ng'ombe? Mtu akitoka kutembea, damu yake inakwenda mbio. Hiyo ni afya, siyo ugonjwa. Wewe msalimie, uliza watoto, uliza mifugo, uliza mvua. Ukifika kwenye mvua, moyo umetulia. Ndipo unapima."

Ukurasa unaoeleza hayo, nadhani, uliishia kufungia karanga.

Tulianza upya kesho yake. Niliwasalimia wote mpaka ulimi ukakauka, na karibu wote namba zao zilishuka. Wazee walinicheka. "Leo umepona, mjukuu?" mmoja akaniuliza.

"Na huyu wa wino mwekundu?" Mfawidhi akataka kujua.

"Amesafiri kwa mwanawe," nilisema.

Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemsafirisha. Nilikuwa kwenye majaribio, na barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa haijaandikwa. Nikanyamaza kiangazi chote. Kila nilipofungua rejista, mstari ule mwekundu uliopigwa vizuri ulinitazama.

Mvua zilipokaribia, dereva wa lori alileta habari: Bibi Kabula miguu imevimba, hainuki tena mwenyewe kitini. Asubuhi ile niliweka ufagio chini, nikamweleza Mfawidhi kila kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "La kwanza lilikuwa kutokujua, na kutokujua kuna dawa. Hili la pili ulilijua. Chukua mashine uende. Habari ya kazi yako tutaongea ukirudi."

Nilimkuta Bibi Kabula Makanyagio, nyuma ya duka la mwanawe, kwenye kiti cha mbao kati ya kreti za soda. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kusaga ilinguruma. Mkononi alikuwa na chai ya sukari nyingi, na andazi juu ya sahani. Alikuwa amenenepa uso na kupungua macho.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia. Mayu ni mama.

"Mwangaluka. Kumbe mdomo unao."

Nikakaa chini. Nikauliza usingizi, akasema mashine ya kusaga inamwamsha na redio ya jirani inamlaza, tena vibaya. Nikauliza watu, akasema wapo wengi, wanapita, hawasimami. Nikauliza chakula.

"Nakula kama mgeni. Na mgeni halimi. Nimekuwa gunia, mjukuu. Linawekwa tu."

"Mama hakosi kitu hapa," Masanja alisema kutoka dukani.

"Ndiyo, sikosi. Hata kiti sikikosi kutwa."

Tulipofika kwenye mvua nilimfunga kitambaa. Nilipima mara mbili, kwa utulivu. Namba haikuwa ile ya wino mwekundu, lakini ilikuwa juu, na safari hii ilikuwa ya kweli.

Masanja alisogea kutazama. "Si umeona? Presha ipo. Ulisema kweli tangu mwanzo."

Hapo ndipo nilipojaribiwa. Ningeitikia kwa kichwa tu, ningerudi kijijini na heshima yangu yote, na rejista yangu isingekuwa na doa.

"Sikusema kweli," nilimwambia. "Ile ya kwanza niliipima vibaya, mama akiwa ametoka kutembea. Alikuwa mzima. Hii ya leo ndiyo ya kweli, na mimi ndiye niliyeileta, kwa kumkalisha."

Masanja aliweka mizani chini. "Kwa hiyo jana vile, leo hivi. Mama yangu si baiskeli ya kujifunzia."

"Una haki, kaka."

"Mnagombania mkono wangu," Bibi Kabula akasema, "na miguu yangu hakuna anayeiuliza. Inataka shambani."

Tulimpitisha kwanza hospitali. Daktari alimpima moyo na mkojo, hakuona ugonjwa mwingine. Akasema apunguze chumvi na sukari, atembee kidogo kidogo, apimwe kila wiki. Masanja alikubali mama arudi kijijini kwa sharti: mahindi yakitoa mbelewele, maua yake ya kileleni, na namba haijashuka, anamrudisha mjini na asisikie tena neno langu.

Wiki ya kwanza alitembea mpaka kisimani na kurudi, akishika fimbo. Wiki ya tatu alifika mtoni. Uvimbe wa miguu ulikuwa umeanza kuondoka. Wanawake wa jirani walimpitia alfajiri kwenda shambani, wakimtania kwamba mjini amesahau kushika jembe, na jioni hakurudi peke yake hata siku moja. Alikula ugali kwa mlenda na maziwa ya mgando, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, uyoga wa porini mvua zilipoanza. Usiku alilala. Kila Jumatano nilikwenda kwake na sanduku la chuma, nikakaa, nikasalimia mpaka mvua. Namba ilishuka kwa uchoyo, wiki nyingine haikushuka kabisa, nami nilirudi nyumbani bila hamu ya kula.

Mbelewele zilipotoka, Masanja alikuja. Nilipima mbele yake. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Ilikuwa namba ya mtu mzima wa afya. Masanja alichukua jembe la pili ukutani, akamfuata mama yake shambani.

Barua yangu ya kuthibitishwa iliandikwa mwezi uliofuata, na ninayo mpaka leo. Mfawidhi alitakiwa kueleza uwezo wangu, akaandika mstari mmoja: "Mtumishi huyu anasalimia." Nimepata vyeti baadaye, maana nilipelekwa mafunzoni nikawa muuguzi. Hakuna ninachokitunza kama barua ile.

Kituo changu cha pili kilikuwa upande wa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Muuguzi Mkuu wa pale aliniona nikimuuliza mvuvi habari za nyavu na za upepo, akaniuliza kama nimekuja kutibu au kuvua. Nilimwomba ampime mvuvi yule kabla ya salamu na baada ya salamu. Alipima, na namba ya pili ikawa chini. Tangu siku ile benchi letu lilikuwa na kiti cha kwanza kilichoitwa kiti cha habari, na hakuna aliyepimwa bila kupitia hapo.

Sitawadanganya vijana kwamba kijijini ni peponi. Nimebeba akina mama wajawazito kwa machela, nimeona malaria ikichukua watoto ambao hospitali ya karibu ingewaokoa. Lakini nimepima mikono ya watu wa vijijini kwa miaka yangu yote ya kazi, na naandika nilichokiona. Mwendo wa shambani, mboga iliyochumwa asubuhi, giza la kulala na jirani anayesimama kukujulia hali vilifanya kazi ambayo kabati langu la dawa halikuweza. Najivunia kwamba nilijifunza kuvihesabu kuwa ni matibabu, ingawa ilinigharimu aibu. Bibi Kabula alilima misimu mingi baada ya ule. Ukurasa wenye wino mwekundu sikuunakili upya. Niliandika chini yake kwamba kipimo hiki si sahihi, nikatia sahihi yangu.

Sasa nimestaafu na Mpanda ni makao ya Mkoa wa Katavi. Mashine za zebaki zimeondolewa, za siku hizi ni za betri na husoma zenyewe. Wazee wengi wa kijiji kile huja zahanati kwa bodaboda, hawatembei tena, na anayepatikana na presha ya juu huwa anayo kweli.