Mapigo Mawili ya Mwisho

Tarehe 14 Juni 2022, fundi wa friji alipata alama ya juu kuliko wenzake wote katika zoezi la kumsaidia mtu aliyekwamwa na chakula kooni. Aliyesaidiwa alikuwa sanamu la mpira, lisilo na miguu wala ukoo.

Tangu siku hiyo hakukalika naye. Mafunzo ya huduma ya kwanza, yaliyofanyika jioni katika ukumbi wa zimamoto, yalikuwa hayajaisha, lakini yeye alishajipandisha cheo. Akiitwa kwa mteja, kabla hajaligusa friji alisimama mlangoni kukagua usalama wa eneo. Mwanawe akipiga chafya, alipimwa mapigo ya moyo. Mkewe akijikata na kisu alikificha kidole, kwa kuwa mara ya mwisho alifungwa bandeji mpaka kwapani. Mtaani wakamwita Dokta kwa kejeli, naye akaitika.

Jumapili moja wakwe zake wakaja kula chakula cha mchana. Mama mkwe alikuwa mtu wa heshima zake. Tangu aoe, fundi hakuwahi kumtazama usoni wakizungumza, sembuse kumgusa. Mama alikuwa akicheka huku anatafuna nyama, mara kicheko kikakatika. Akajishika koo kwa mikono miwili. Hakukohoa, hakutoa sauti.

"Mpeni maji!" baba mkwe akasema.

"Asipewe maji!" Fundi akainuka, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Akazunguka meza, akanyoosha shati, akainama kwa adabu. "Samahani, mama. Mimi ni mtoa huduma ya kwanza, niko mafunzoni. Unaniruhusu nikusaidie?"

Mama mkwe akamtumbulia macho.

"Unamuuliza nini wewe?" baba mkwe akafoka. "Angeweza kujibu, angekuhitaji?"

"Baba, ndio utaratibu."

Mwalimu alikuwa amefundisha hivi: mkono mmoja kifuani, mgonjwa ainamishwe mbele, kisha kiganja kipige kwa nguvu katikati ya mabega, mara tano. Kuhusu kifua cha mama mkwe, mwalimu hakusema kitu. Fundi akamgusa mgongoni kwa ncha za vidole, kama anayekung'uta vumbi kwenye kochi la watu.

"Samahani, mama." Akagusa tena. "Samahani."

Midomo ya mama ikaanza kubadilika rangi.

"Mpige!" mkewe akapiga yowe. "Baba watoto, nakwambia mpige mama yangu!"

Sentensi hiyo haikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile, ingawa fundi asingeapa kwamba haikuwahi kufikiriwa. Akaona heshima yake inampeleka mama kaburini. Akampitishia mkono kifuani, akamwinamisha, akapiga. Akapiga pigo la pili. La tatu likakitoa kipande cha nyama, kikatua kwenye sahani ya baba mkwe.

Mama akavuta pumzi, akakohoa. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini sanamu la mpira halikuwahi kutema kitu, na fundi alizoea kumaliza hesabu ndipo apewe alama. Akapiga la nne. Akafungia na la tano, lililokuwa safi kuliko yote.

Jirani aliyesikia yowe na kuja kuchungulia dirishani aliyaona hayo mawili tu. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Dokta amempiga mama mkwe mbele ya mumewe, mkewe akishangilia.

"Lakini mama, si nimekuokoa?" fundi akalalamika walipokuwa wakiagana.

"Umeniokoa, mwanangu," mama mkwe akajibu kwa sauti iliyokwaruza. "Matatu nakushukuru, Mungu akubariki. Haya mawili mengine yalikuwa ya nini?"



Jumapili ijayo wazee wa pande zote mbili watakaa kuyajadili hayo mawili. Fundi ataandamana na mjomba wake, na mjomba ndiye atakayesema.