Kasiksi Iliyovuka Mlima

Rafiki yangu, fundi wa simu hapa Bukavu, alitakiwa kumpelekea baba wa mchumba wake kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Bila pombe hiyo mazungumzo ya ndoa hayaanzi, na mwanamume mwingine, mwenye pikipiki, alikuwa ameshaanza kupita kwa mzee huyo kusalimia. Wakwe walikaa nyuma ya milima, juu kabisa ya Kalehe. Mimi nilimfuata kwa sababu moja tu: sikuwahi kuona kilicho nyuma ya milima ile.

Mvua ilikuwa imekata barabara, tukapanda kwa miguu, tukipokezana mgongoni bidoni, dumu la plastiki lenye kasiksi. Kasiksi husafiri na kizibo cha majani ya mgomba ili ipumue. Rafiki yangu aling'oa majani, akakaza kifuniko cha plastiki mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Iache ipumue, ndugu."

"Na hii mvua? Maji ikiingia, batasema niliongeza maji. Unataka nioe, ao nizeeke na weye?"

Jioni upepo ulitushinda. Hema letu la mtumba halikuwa na nguzo ya kati, kwa hiyo nguzo nikawa mimi. Nilikaa wima, turubai likinipiga makofi kichwani, tukala bugali baridi na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zilizolowa. Blanketi lilikuwa moja. Akaifunika bidoni.

"Blanketi ni ya batu!"

"Weye umezoea baridi. Huyu iko mugeni."

Kulipopambazuka, yule mgeni alikuwa amevimba kama mama wa miezi tisa, tena analia kidogo kidogo. Nilimwambia afungue polepole. Akafungua haraka. Kifuniko kilipita kando ya sikio langu, kikatoboa hema, kikaenda zake. Povu likafuata. Aliziba kwa kiganja, akaziba kwa shati jeupe la kujitambulishia, mwisho akaikalia bidoni yenyewe.

"Kamata! Kamata!"

Nilikamata kwa mdomo. Ndiyo njia iliyokuwa karibu.

Kilichobaki hakikujaza hata sufuria. Nikamwonyesha mvua: maji yapo, tena bure. Aliitazama bidoni, akatazama mvua, akatikisa kichwa.

"Yule muzee atajua."

Mzee alitupokea mlangoni. Akaitikisa bidoni karibu na sikio, kisha akamnusa rafiki yangu kuanzia kola mpaka mkanda.

"Papa, kile kifuniko..."

"Nyamaza kwanza." Akamwita mkewe. "Maman, njoo uone! Huyu alileta pombe, lakini ameivaa!"

Mchumba mwenyewe alikimbilia nyuma ya nyumba, tukamsikia akicheka. Majirani wakaja. Rafiki yangu akasimulia. Wengine wakaja, akaambiwa asimulie tena, na aikalie bidoni waone alivyofanya.

"Na huyu mwingine?" mzee akauliza.

"Ni huyu alikunywa."

Msaliti. Nilitazama miguu yangu.

Mzee alijifuta macho. Akasema yule wa pikipiki hufika mkavu, husalimia, huondoka, na hajawahi kumchekesha mtu katika nyumba hii. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake mwenyewe na mrija mmoja. Kwao, mrija wa baba mkwe haupewi mpita njia. Akaunyoosha kwa rafiki yangu. Yeye akapiga magoti kwenye matope, akaupokea kwa mikono miwili, akanywa.

Nami nikanyoosha mkono.

"Weye ulishakunywa," mzee akasema, akanisogezea viazi.