Pete ya mathe, na jiwe sistangu alikataa litolewe

Wakuu, niaje.

Hii stori nimeiandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Leo naiacha vile iko. Ni ukweli mtupu, majina tu ndio nimebadilisha, juu kuna watu wa kwetu hawajui hii maneno na wengine wako humu ndani wanasoma kimya kimya.

Mathe, yaani mama yetu, alikuwa na pete moja tu maisha yake yote. Dhahabu, na jiwe ya tanzanite katikati, ile blue iliyokolea.

Mzee wetu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa malori ya masafa, na Arusha alikuwa anapajua kama kwao. Walioana bila pete juu hawakuwa na kitu. Miaka mingi baadaye akarudi safari na hiyo jiwe imefungwa kwa karatasi, akaipeleka kwa sonara hapa town, akamtengenezea mathe pete. Kuanzia hapo haikutoka. Alifua nayo, akalima nayo huko kwetu Dagoretti, akapika nayo.

Sasa mathe akaanza kufura mikono na miguu. Ilikuwa moyo. Tukampeleka hospitali moja huko Parklands, na hata kabla apewe kitanda nesi akasema pete lazima ikatwe, kidole inaanza kukosa damu.

Wakaikata upande wa nyuma na kamashine kadogo. Mathe hakulia kwa sindano hata moja, lakini hapo alilia.

Dawa zikashika, kufura ikapungua, daktari akapanga operesheni. Mathe akasema ni sawa, lakini theatre haingii bila pete ya bwanake. Hiyo ndio kitu pekee aliomba. Hata pasta hakuuliza atakuja lini. Nesi akasema hakuna noma, ataivaa na watazungushia plasta.

Kwa hivyo kazi ikawa yetu, mimi na Wanja.

Wacha niwaambie kuhusu Wanja. Ni sistangu mkubwa, yeye ndio alitupanga sisi wote baba alipoenda. Akiingia kwa butchery anasimama pale mbele aone nyama ikipimwa, halafu anaomba ipimwe tena. Nampenda sana, lakini huyo mtu anaweza kukuchosha ukalala umesimama.

Tukaenda River Road, kwa sonara fulani juu ya duka ya hardware. Mzee wa Kihindi, nitamwita Kirit. Mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili yake ni ya Nairobi kuliko yangu. Akaweka ile lenzi kwa jicho, akageuza pete pole pole.

"Kazi ndogo hii," akasema. "Naongeza kipande ya dhahabu hapa ilikatwa, nachomelea, napolish. Lakini kwanza natoa jiwe."

Wanja akasema, "Jiwe haitoki."

"Mama, hii ni tanzanite. Moto haiwezi kabisa. Nafungua hizi kucha zimeishikilia, naitoa, nachomelea, naipachika tena. Kaa hapo kwa kiti ungoje."

"Nimesema haitoki. Ichomelee ikiwa ndani, na mimi nikiangalia."

Wakuu, kama umekulia hii mji unajua hiyo hofu. Kila familia iko na auntie alipeleka herini kwa sonara ikarudi ikiwa glasi. Kwetu kuna mmoja, na hiyo stori tumeisikia kila Krisi. Kwa kichwa ya Wanja, jiwe ikishatoka kwa pete basi imeenda.

Kirit akajaribu tena. Akasema kuna jamaa Parklands ako na mashine ya laser, inachoma mahali padogo tu, tumpelekee yeye. Wanja akamuuliza huyo jamaa anampea commission ya ngapi. Kisha akatoa simu akaanza kurekodi.

Mimi nikasema, "Wanja, si umwache afanye kazi yake."

Akanijibu mbele ya wateja, "Wewe ndio utaenda kumwambia mum jiwe yake imebadilishwa?"

Nikasogea kando.

Na Kirit naye, hadi leo nina hasira kidogo na yeye. Angekataa tu. Angesema mama, chukua pete yako, nenda salama. Lakini nadhani kuitwa mwizi ndani ya duka yako mwenyewe, tena na video inaenda, kunamaliza mtu. Aliinua mabega, akafunika jiwe na tishu iliyolowa maji, akawasha ule moto wake wa gesi.

Mwanzo ilienda poa. Dhahabu ikashika, mahali palikatwa pakapotea kabisa. Wanja ananiangalia ile ya si nilikuambia.

Halafu tukasikia tik.

Kasauti kadogo, kama ya kiberiti ikivunjika. Kirit alizima moto hata kabla sisi tuelewe. Akatoa tishu na kikoleo. Ufa ulikuwa umepita jiwe kutoka upande hadi upande, na kona moja ilibaki kwa tishu.

Hiyo video nimeiona baadaye. Unasikia tu makanga huko chini wakiita watu.

Wanja akakaa kwa kile kiti alikuwa amekataa. Nilidhani atamrukia mzee wa watu. Badala yake akasema kwa sauti sijawahi kusikia kwake, "Mum hawezi kuona hii. Itamuua. Uko na jiwe ingine ya blue?"

Kirit akamwangalia sana. Akasema iko ya kutengenezwa kwa maabara, size inaweza kukaa.

"Weka hiyo."

Yaani wasee, ile kitu alikuwa anaogopa fundi atafanya, sasa ndio anamwomba aifanye. Mzee wa watu akafanya kazi, tena safi, na ile imepasuka akaifunga kwa karatasi akanipea mimi.

Kesho yake tukaenda kuona mathe. Pete ikaingia kwa kidole bila shida. Alifurahi jameni! Uso wote ulirudi. Wanja akageuka akajifanya anapanga maua.

Kisha mathe akainua mkono kuelekea dirisha, akaanza kugeuza pete. Huku, kule. Akarudia tena.

"Zambarau iko wapi?" akauliza.

"Gani hiyo, mum?" Wanja akasema.

"Ukiigeuza hivi kwa mwanga inakuwa zambarau. Baba yenu ndiye alinionyesha. Mbona inabaki blue tu?"

Mimi hiyo sikuwa nimewahi kujua. Wanja pia hakujua. Wakuu, tanzanite ya ukweli ukiangalia upande huu ni blue, upande ule ni zambarau. Ile ya maabara ilikuwa blue kila upande.

"Ni vile walipolish, mum," Wanja akasema. "Ni hiyo hiyo."

Mathe akageuza tena, akiwa amekaza macho. Jiwe yake ilikuwa kwa mfuko ya jacket yangu, naishika na vidole. Nilifungua mdomo, nikaona uso wa Wanja, nikaufunga.

"Basi ni macho yangu," mathe akasema. "Hata rangi sioni siku hizi." Akampapasa Wanja mkono. "Asanteni watoto wangu. Mmehangaika."

Hiyo ndio maneno ya maana ya mwisho tulisikia kutoka kwake. Operesheni haikuenda vizuri, hakuamka.

Tulimzika na hiyo pete. Kanisani pasta alisema mama ameenda na zawadi ya bwanake kidoleni, na watu wakasema amina. Wanja alisema amina pia. Tangu hapo tunasalimiana tu, sasa, poa, basi.

Sasa mafunzo, juu najua mtauliza. Kama uko na pete ya jiwe na inaenda kwa moto, acha fundi aitoe. Unaogopa kubadilishiwa? Piga picha ya jiwe ukiigeuza kila upande, kaa hapo, iangalie ikitoka na ikirudi. Jueni jiwe zenu. Sisi tuliilinda jiwe ya mathe na hata hatukuwa tunaijua.

Ingine ni hii. Tulijiambia tunalinda moyo wake. Badala yake aliingia theatre akidhani macho yake yamemwacha, na yalikuwa yanaona vizuri kuliko yetu. Hiyo ndio inanikula.

Wale wa kutukana, tukaneni, nimezoea. Lakini kama kuna mtu humu amewahi kumpelekea mgonjwa wake kitu kimevunjika na akamwambia ukweli, naomba uniandikie hapo chini huyo mgonjwa alisema nini. Mimi sitawahi kujua wetu angesema nini.