Nilivyomwokoa Mwimbaji Aliyekuwa Mzima

Mimi ni muuguzi hapa Kilosa, na tangu Jumamosi napita njia za uchochoroni. Wifi yangu alinialika Mikumi kusikiliza bendi kubwa ya jazi ya wanafunzi wa chuo kikuu, wanaopiga nyimbo za opera, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa, walizozipanga upya. Nilichelewa, maelezo ya mwanzo sikuyasikia.

Nilipoketi tu, msichana aliyekuwa akiimba mbele ya matarumbeta akakohoa, akayumba, akaanguka chini pu! Muziki ukakatika. Ukumbini hakuna aliyeinuka. Mtu anakufa, nao wanatazama!

“Nipisheni, mimi nesi!” nikapiga kelele, nikakimbilia jukwaani. Hata mapigo ya moyo sikuyapima, mimi ninayewafokea wanafunzi wodini kwa kosa hilohilo. Nikapiga magoti, nikaanza kumkandamiza kifua.

Akafumbua jicho moja.

“Shikamoo, mama,” akanong'ona, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono wake ukumbi mzima. “Naomba uniache nife. Wimbo ndivyo unavyokwisha.”

“Marahaba,” nikajibu, mikono yangu ingali kifuani pake.