Barua Niliyokataa Kumwandikia Rehema

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwajiriwa wa ofisi ndogo ya kupiga chapa na kutafsiri mtaani Hamriya, huku nchi ya Kiarabu. Aliingia mwanamke wa Morogoro, jina lake Rehema, mkono wa kushoto umevimba hadi kiwikoni. Alitaka shitaka lake liandikwe kwa Kiarabu alipeleke polisi. Aliyempiga ni mumewe, na mume huyohuyo ndiye kafili wake, yaani ukaazi wake nchini umesimama kwa jina la mume.

"Kaka, sihitaji ushauri," aliniambia. "Niandikie tu nilivyosema."

Sikuandika. Mume nikimjua, tukisali msikiti mmoja. Kwetu, sisi tuliolelewa na wazee waliotoka Unguja, neno la kwanza katika mambo ya ndoa lilikuwa sitara: la chumbani lisifike barazani. Nikadhani nitapata thawabu. Nikampigia mume simu, nikamwagizia Rehema chai ya maziwa, tukangoja. Mume alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akatoa salamu, akaomba radhi mbele yangu kwa maneno mazuri. Rehema aliiacha chai yake. Aliinuka akamfuata, nami nikarudi kwenye kazi yangu nikijiona mtu mzima.

Baada ya wiki mbili aliniita shangazi yangu, Bi Zuwena, aliyekuwa karani wa mapokezi hospitalini. Nilimkuta jikoni kwake Mawaleh anakata mabamia, na hakuacha kukata. Alinieleza kwamba Rehema amelazwa, mkono uleule umevunjika. Siku niliyowapatanisha, mume alimnyang'anya pasipoti na kadi ya ukaazi. Na Rehema alipopigwa tena akakimbilia kwa jirani, mume akaenda kumripoti polisi kuwa ametoroka kwa kafili wake. Ule uvimbe wa mwanzo haukuandikwa popote, basi ikawa kama haukuwapo.

"Umekuwa kadhi lini, we Nasoro?" aliniuliza.

Nikajitetea kwamba nilitaka kuwasitiri.

"Nnakuuliza, umemsitiri nani? Mwenye mkono uliovimba, au mwenye mkono uliopiga?"

La kuvunda halina ubani, mwanangu, na mimi nilikuwa nimelifukiza.

Kesho yake nilikwenda wodini na karatasi. Niliandika neno kwa neno, nikamsomea kwa Kiswahili kabla hajatia saini. Shangazi alisimamia ripoti ya daktari iambatanishwe. Polisi walipokea shitaka, na ile taarifa ya kutoroka ikachunguzwa upya na kufutwa. Rehema akapewa nafasi katika nyumba ya hifadhi ya serikali, na ubalozi wa kwao ukamtolea hati ya kusafiria. Aliondoka na mkono usionyooka sawasawa. Hakunilaumu, wala hakuniaga.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma sheria mwenyewe, kifungu kwa kifungu, kamusi pembeni. Sikuwa mwanasheria, na wewe huhitaji kuwa mmoja ili usifanye kosa langu.

Basi nakuusia. Akikujia mtu aliyepigwa, mpeleke kwa daktari kabla uvimbe haujashuka, ripoti iandikwe siku hiyohiyo. Kupiga mtu ni jinai hapa, aliyepigwa awe mke, mtumishi, mwenyeji au mgeni. Kafili hawi mwenye pasipoti yako. Hiyo ni yako, na nakala yake mwachie mtu unayemwamini. Wapo watu wa ustawi wa jamii wanaopokea mambo haya, na upo ubalozi. Taratibu hubadilika, kwa hiyo uliza wanaohusika, usitegemee ya barazani, wala haya yangu peke yake. Sulhu ni kheri, siikatai. Lakini hutakwa na aliyeumia, tena akiwa mahali salama, si na mtu wa pembeni mwenye simu mkononi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa aliyeyaficha maradhi ni mimi, ilhali Rehema mwenyewe alikuwa ameyasema waziwazi.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akunyooshee ulimi, akujaalie umsikie mtu mara ya kwanza anaposema.